Kupitisha mashua ndogo kwenye maji ya kina kifupi yenye miamba: nianzie wapi?

Mwanagenzi wa Usukani

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba msaada wa wale waliozoea kuendesha vyombo vidogo karibu na ufuo wenye miamba.

Nina mashua ya faiba yenye urefu wa mita 5 hivi, inayoendeshwa kwa injini ya kufunga nyuma. Ikiwa na watu watatu na mizigo midogo, tumbo lake huzama kama sentimita 35, lakini rafadha (propela) ikiwa imeshushwa yote hufika sentimita 70 chini ya uso wa maji. Kwenye maji ya wazi sina shida ya kuigeuza, kuisimamisha wala kuifunga gatini. Tatizo langu ni kwamba ghuba tulivu ninayotaka kuitumia huingiwa kwa mlango mwembamba wenye miamba pande zote mbili, na katikati ya mlango huo kuna kizingiti ambacho maji yakipwa hubaki na kina kidogo mno. Miamba mingine huonekana wakati wote, mingine hujitokeza maji yakipwa, na mingine sijawahi kuiona kwa macho ila nimeikuta imechorwa kwenye ramani ya bahari.

Ushauri niliokwisha kupewa unapingana. Mmoja aliniambia nisubiri maji yajae kabisa, kwa kuwa wakati huo kila mwamba unakuwa mbali chini. Mwingine alisema nipite kwa kasi, kwa sababu mashua ikishika kasi huinuka na kuzama kidogo zaidi. Wa tatu aliniambia simu yenye ramani inatosha, nifuate mstari tu. Ninachotaka kuelewa ni sababu. Nijueje kwamba maji yanatosha? Niisomeje bahari kwa macho? Na ikitokea nimeugusa mwamba, nianze na lipi?

Bildi na Dira

Karibu sana, ndugu Mwanagenzi. Nianze na suala la kimo cha maji, kwa sababu mengine yote yanalitegemea.

Tarakimu za kina unazoziona kwenye ramani ya bahari si kina utakachokikuta siku utakayokwenda. Zimepimwa kutoka usawa wa chini sana, ambao kwenye ramani nyingi za sasa ni ule ambao maji hayatarajiwi kushuka chini yake kwa nguvu za mwezi na jua pekee. Kina halisi ni tarakimu ya ramani ukijumlisha kimo cha maji cha saa ile, ambacho unakipata kwenye jedwali la kujaa na kupwa. Tarakimu iliyopigiwa mstari chini yake ina maana tofauti kabisa: hiyo ni kimo cha mwamba au fungu la mchanga linalosimama juu ya usawa huo, yaani kitu kinachokauka maji yakipwa. Anayechanganya hizo mbili atauhesabu mwamba kuwa ndiyo njia.

Sasa tuiangalie mashua yako. Rafadha inafika mita 0.7. Ongeza mita 0.3 kwa ajili ya mawimbi madogo, kwa kuwa mashua hushuka pamoja na bonde la wimbi, kisha ongeza akiba ya mita 0.5 kwa yale ambayo ramani haikuyaona. Unahitaji basi mita 1.5 za maji mahali pote utakapopita. Tuseme kizingiti kimeandikwa 0.3, na pembeni kidogo ya njia kuna mwamba ulioandikwa 1.5 kwa mstari chini yake. Tuseme pia siku hiyo maji yatapwa hadi kimo cha mita 0.6 saa 2:00 asubuhi, na kujaa hadi mita 3.6 baada ya saa sita na dakika chache. Tofauti ni mita 3. Mabaharia hukadiria kwa kuigawa tofauti hiyo sehemu 12, ambazo hapa ni sentimita 25 kila moja: saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Kwa hiyo baada ya saa moja kimo ni 0.85, baada ya mbili 1.35, baada ya tatu 2.10, baada ya nne 2.85, baada ya tano 3.35, na mwisho 3.6.

Kizingiti chako kinahitaji kimo cha mita 1.2, nacho hufikiwa mnamo saa 3:42 asubuhi. Mwamba wa pembeni unafunikwa kimo kikifika 1.5, yaani mnamo saa 4:12. Kati ya nyakati hizo mbili una nusu saa ambayo maji yanatosha kwenye kizingiti na mwamba bado unauona kwa macho yako. Ukichelewa hadi saa 5:00 utaukuta mwamba uleule umefunikwa kwa sentimita 60, hauonekani, na rafadha yako iko sentimita 70 chini. Saa hiyo ya katikati ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa mgeni wa mlango, kwa sababu bahari inaonekana imejaa vizuri ilhali hatari imefunikwa kwa kina kisichotosha.

Aliyekuambia usubiri maji yajae kabisa hakukosea katika hesabu ya kina, maana kwenye kimo cha 3.6 unapita hata juu ya mwamba huo ukiwa na nafasi. Ila amesahau jambo zito. Ukigusa wakati maji yanajaa, bahari yenyewe itakuinua baada ya dakika chache. Ukigusa maji yakiwa yamefika kileleni, utapwelewa, na utasubiri karibu saa 12 na nusu hadi yajae tena. Ikiwa ni kilele cha bamvua, yaani majira ya maji kujaa na kupwa kupita kawaida, ambayo hufika siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji ya siku zinazofuata yatakuwa mafupi kuliko yale yaliyokupandisha. Chombo kinaweza kukaa juu ya mwamba muda wote wa maji mafu (majira ya kujaa na kupwa kidogo) na kungoja bamvua nyingine, karibu wiki mbili, huku kila wimbi likikisugua. Kwa hiyo ingia maji yakiwa yanajaa, na yawe bado na safari ya kupanda mbele yako.

Kuna tahadhari za jedwali lenyewe. Hakikisha limeandikwa kwa saa za eneo lako wala si za Greenwich, na ukumbuke kwamba 08:00 ya jedwali ndiyo saa 2:00 asubuhi yetu. Kosa la saa moja katikati ya kujaa ni sentimita 75 katika mfano huu. Mgandamizo wa hewa nao unasukuma maji: kila hektopaskali moja juu ya wastani hushusha usawa wa bahari kwa takriban sentimita moja, hivyo siku ya hewa nzito unaweza kukosa sentimita 20 zilizoahidiwa na jedwali. Mwisho, hesabu ya sehemu 12 hufaa pale ambapo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa mpangilio wa kawaida, na hata hapo ni makadirio. Ndani ya ghuba yenye mlango mwembamba, mkondo unaweza kuendelea kutoka nje kwa muda baada ya bahari kubwa kuanza kujaa, kwa sababu maji yaliyofungiwa ndani bado hayajamaliza kutoka.

Mtazama Maji

Ninakubaliana na Bildi na Dira katika yote aliyoandika, nami nitachukua upande wa macho.

Kabla hujapitisha mashua kwenye mlango huo, nenda ukautazame siku ya bamvua maji yakiwa yamepwa kabisa. Siku hiyo bahari inakuonyesha yale inayoyaficha siku nyingine zote. Simama mahali pa juu ufuoni, piga picha, chora kila kichwa cha mwamba na kila mfereji, na andika saa pamoja na kimo cha maji cha jedwali. Kisha rudi hapo maji yanapojaa utazame ni mwamba upi unafunikwa kwanza na upi unafunikwa mwisho. Wa mwisho kufunikwa unakuwa kipimo chako cha kudumu: ukiuona umebaki na upana wa kiganja juu ya maji, utajua kina cha kizingiti bila kufungua jedwali. Kazi hii haina mbadala, na ninasikitika kuona watu wakinunua vifaa vya gharama kabla ya kuifanya.

Katika kusoma rangi, jua ndilo linaloamua. Liwe juu na liwe nyuma yako au ubavuni. Likiwa mbele yako utaona mng'ao mtupu, na mlango uleule uliokuwa wazi asubuhi wakati wa kuingia unaweza kuwa kioo kitupu jioni wakati wa kutoka. Miwani ya jua inayokata mng'ao husaidia sana. Kwenye maji maangavu, buluu iliyoiva ni kilindi, na kadiri rangi inavyokwenda kwenye kijani na kupauka ndivyo kina kinavyopungua juu ya mchanga. Kahawia au manjano ya kutu ni mwamba au matumbawe yaliyo karibu na uso. Madoa meusi ndiyo yenye utata: yanaweza kuwa majani ya bahari yasiyo na madhara, mwamba, au kivuli cha wingu tu. Kivuli hutembea. Majani kingo zake hufifia polepole na maji ya juu yake hukaa kama ya jirani. Mwamba kingo zake hukatika ghafla, na mara nyingi uso wa maji juu yake hutulia au kuchafuka tofauti na sehemu nyingine. Ukishindwa kutofautisha, uhesabu kuwa ni mwamba. Maji yakiwa na tope, rangi haina ushahidi wowote, na hapo unabaki na hesabu, upondo na bildi (risasi ya kupimia kina iliyofungwa kwenye kamba).

Usipende sana bahari iliyolala kama sakafu. Upepo mwepesi unaotia vijiwimbi huvunja mng'ao, na wimbi dogo la kutoka mbali hukutajia mwamba uliozama kwa kusimama ghafla mahali pamoja au kupasuka na kuacha povu. Kaa nje ya mlango dakika nyingi uwezavyo kabla ya kuingia, kwa sababu mawimbi makubwa huja kwa makundi, na mwamba wa ndani kidogo hupasua yale makubwa tu. Ukifika wakati wa utulivu unaweza kudhani njia ni safi.

Jambo la kujifunza kwa mazoezi ni kulinganisha alama mbili. Chagua kitu kimoja kilicho karibu na kingine kilicho mbali nyuma yake, vyote visivyohama, ambavyo vikikaa kwenye mstari mmoja vinakuweka katikati ya mlango. Ukielekea kwenye alama hizo na ile ya karibu ikaonekana kuhamia kulia ya ile ya mbali, umesogea kushoto, nawe ugeuze kulia. Yaani unaifuata alama ya karibu. Uzuri wake ni kwamba mkondo unaokusukuma ubavuni utauona mara moja, ilhali dira itaendelea kukuonyesha kwamba omo (sehemu ya mbele ya mashua) imeelekea panapotakiwa huku mashua nzima ikiteleza kuelekea mwambani. Chagua pia jozi ya alama za nyuma, zitakufaa pale za mbele zinapofichwa. Ila ukitazama nyuma, kumbuka kwamba mkono wako wa kulia uko upande wa kushoto wa mashua.

Na mtu wa omo ni lazima awepo. Asimame au akae juu kadiri usalama unavyoruhusu, ashike mahali, na mkubaliane ishara za mikono kabla ya kuwasha injini, kwa sababu sauti haitashinda mngurumo. Ishara moja ninaisisitiza: aonyeshe upande wa kwenda, asiuonyeshe mwamba. Mtazamaji anayenyoosha kidole kwenye mwamba na nahodha anayedhani kidole kinaonyesha njia wote wawili wana nia njema, na mashua itapanda mwamba vilevile.

Mwanagenzi wa Usukani

Ninawashukuru sana. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna saa ambayo maji mengi zaidi ni hatari kuliko maji machache. Bado naomba maelezo kuhusu kasi na kuhusu simu, kwa sababu hayo mawili ndiyo ninayoambiwa kila siku.

Kasia Mkononi

Ndugu Mwanagenzi, ni kweli kwamba mashua nyepesi ikishika kasi hupanda juu ya maji na tumbo lake huzama kidogo. Lakini rafadha hubaki chini, na ukilazimika kupunguza mwendo ghafla, tezi (sehemu ya nyuma ya mashua) hushuka chini zaidi ya kawaida na wimbi lako mwenyewe hukufikia kwa nyuma. Yaani unapoteza ile faida saa ileile unapoihitaji. Nguvu ya kugonga nayo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo anayekwenda kilomita 20 kwa saa hubeba nguvu mara 16 ya anayekwenda kilomita 5. Mwamba ulioonekana mita 15 mbele unakupa sekunde kama 10 ukiwa kwenye kilomita 5, na chini ya sekunde 3 ukiwa kwenye 20.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema mwendo mdogo kabisa ndio salama siku zote. Mashua isiyo na mwendo wa kutosha haisikii usukani. Mkondo ukikata mlango kwa ubavu, nenda kwa mwendo mdogo kuliko yote ambao bado unakuacha ushike mstari wa alama zako, na ikiwa mwendo huo unakutia hofu, basi siku hiyo mlango haupitiki. Upepo unapopambana na mkondo, mawimbi husimama mafupi na yenye povu, na povu hilo huficha povu la miamba. Mimi ningerudi.

Injini unaweza kuiinua kidogo ili rafadha isifike chini sana, lakini hakikisha tundu linalonyonya maji ya kupoza linabaki chini ya maji na kwamba maji yanaendelea kutoka upande wa pili. Ikiwa injini yako ina kufuli ya kuizuia isijiinue, ilegeze kabla ya kuingia, ili mguu wa injini ukigonga uruke badala ya kuvunjika, na usirudi nyuma kwa nguvu ikiwa katika hali hiyo. Kamba ya kuzima injini ifungwe mwilini mwa anayeendesha, na kila mtu avae jaketi la kujiokolea. Nanga iwe omo, kamba yake imepangwa vizuri na mwisho wake umefungwa.

Kuhusu simu: kifaa chenyewe hukuonyesha ulipo kwa tofauti ya mita chache, lakini mwamba uliochorwa kwenye ramani hauko sahihi kwa kiwango hicho. Sehemu nyingi za maji ya kina kifupi zilipimwa zamani kwa bildi, nukta baada ya nukta, na kilichokuwa kati ya nukta mbili hakikugunduliwa. Ramani ya zamani isiyofuata vipimo vya WGS 84, yaani mfumo wa kuonyesha mahali unaotumiwa na GPS, inaweza kukuweka mamia ya mita kando. Kisha kuna hatari ya kukuza na kupunguza ukubwa wa picha: ukitazama eneo kubwa, programu huacha kuchora vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo unavyovitafuta. Tarehe 29 Novemba 2014, mashua ya Team Vestas Wind, iliyokuwa kwenye mbio za kuzunguka dunia za Volvo Ocean Race, ilipanda miamba ya Cargados Carajos katika Bahari ya Hindi wakati wa usiku. Mabaharia wote 9 waliokoka. Walikuwa wataalamu, wenye vifaa vya hali ya juu, na uchunguzi uliofuata ulizingatia sana namna ramani ya kielektroniki ilivyoonyesha eneo lile pasipo kukuzwa vya kutosha. Tumia simu kukuthibitishia kile ambacho macho na alama zako zimekwisha kukuambia, na ikiwa haviafikiani, simama.

Kifaa cha kupima kina kwa mwangwi ni kizuri, ila kinakuambia kilicho chini yako, si kilicho mbele, na mwamba unaoinuka wima hautanguliwi na dalili. Kwa mashua yako upondo unafaa vilevile: upake alama ya rangi kwenye sentimita 70 na nyingine kwenye mita 1.5, umpe mtu wa omo.

Mlango ukiwa na maboya, jifunze maana yake katika eneo lako. Katika mfumo wa kimataifa wa maboya uitwao IALA, eneo A, ambalo ni sehemu kubwa ya dunia, boya jekundu hukaa kushoto kwako unapoingia kutoka baharini na la kijani kulia. Eneo B, yaani mabara ya Amerika pamoja na Japani, Korea na Ufilipino, ni kinyume chake. Boya jeusi lenye mkanda mwekundu na mipira miwili meusi juu limesimama juu ya hatari yenyewe, na maji salama yako pande zote kulizunguka, kwa hiyo usilisogelee. Boya la njano na nyeusi lenye koni mbili juu hukuambia upande wa dira wa kupita: ncha zote juu, pita kaskazini yake, zote chini, pita kusini, zikitazamana, magharibi, zikipeana mgongo, mashariki.

Mwana wa Ziwani

Naomba kuingilia kati kwa swali fupi. Sisi wa ziwani hatuna kujaa na kupwa. Hesabu hizi zinatuhusu?

Bildi na Dira

Zinakuhusu kwa sura nyingine. Usawa wa ziwa hubadilika kwa majira ya mvua na ukame, na kwenye ziwa lenye bwawa hubadilika pia kwa kufunguliwa milango yake, kwa hiyo mwamba uliopita juu yake mwezi uliopita unaweza kukungoja leo. Tafuta kipimo cha maji kilichosimikwa ufuoni, au weka alama yako kwenye nguzo ya gati, na ulinganishe miamba unayoijua na alama hiyo. Upepo wa muda mrefu wa upande mmoja pia husukuma maji kuelekea ufuo wa pili na kuyapunguza ulikotokea. Tofauti kubwa kwenu ni kwamba ukikwama hakuna maji ya kukuinua baada ya muda, hivyo mwendo mdogo na upondo vina uzito zaidi kuliko kwetu.

Mtazama Maji

Limebaki swali la kugusa mwamba, na ningependa lisipite.

Zima injini kwanza. Kurudi nyuma kwa nguvu ndilo jambo ambalo mkono hulitaka, na mara nyingi huharibu zaidi: rafadha hukatika, au tezi huvutwa juu ya jiwe jingine, au mashua iliyotoboka hutolewa juu ya kitu pekee kilichokuwa kikiizuia isizame. Hesabu watu, angalia kama kuna aliyeumia, kisha inua mbao za sakafuni uone kama maji yanaingia. Ikiwa yanaingia kwa wingi, ziba kwa nguo, mto au chochote kinachokaza, piga simu ya msaada au ita kwenye redio ya VHF chaneli 16, na usikimbilie kuondoka mwambani hadi ujue kwamba mashua itaelea.

Ikiwa tumbo ni zima, sogeza watu upande ulio kwenye maji marefu ili sehemu iliyokwama inyanyuke, kisha sukuma kwa kasia au upondo kurudi ulikotoka, kwa sababu huko ndiko unakojua kwamba maji yalikutosha. Mtu asitie mguu wala mkono kati ya mashua na mwamba, hata bahari ikiwa imetulia. Mashua yenye watu watatu ikiinuliwa na wimbi dogo hushuka na uzito wa kuvunja mfupa. Maji yakiwa yanajaa na hakuna mawimbi makubwa, tupa nanga upande wa maji marefu na ukaze kamba, ili mashua ikielea isisukumwe ndani zaidi, kisha ngoja. Maji yakiwa yanapwa huna muda wa kungoja, kila dakika inakukaza. Jaribu mara moja, na ukishindwa, ilaze mashua upande ulio mbali na mawimbi, linda tumbo lake kwa matairi au magodoro, na washushe watu mahali pakavu mapema.

Mwanagenzi wa Usukani

Nimeelewa, nawashukuru wote. Bamvua ijayo nitakwenda kuutazama mlango maji yakipwa, nichore na kupiga picha, kabla ya kupeleka mashua. Swali langu la mwisho ni la kutoka. Kwa mfano uleule wa Bildi na Dira, nikiingia asubuhi maji yakiwa yanajaa, naweza kukaa ndani hadi lini?

Bildi na Dira

Pindua hesabu ileile. Baada ya maji kufika 3.6 yanaanza kupwa, na kama yatashuka tena hadi 0.6, kimo cha mita 3, ambacho kinakupa maji ya kutosha hata juu ya ule mwamba wa pembeni, kinapita baada ya saa 1 na dakika 42. Kuanzia hapo mwamba unakuwa umefichwa kwa kina kisichotosha, hadi utakapochomoza tena mnamo saa 3 na dakika 48 baada ya kilele. Kizingiti nacho kinafunga kwenye saa 4 na dakika 18. Kwa hiyo unayo nusu saa nyingine ya kuuona mwamba huku kizingiti kikiwa wazi, lakini safari hii maji yanakukimbia, na ukigusa utabaki hapo. Kwa mgeni wa mlango ule ningesema utoke saa moja kabla ya kilele, maji yakiwa bado yanapanda na kimo kimefika 3.35. Kama jua litakuwa usoni saa hiyo au kuna upepo unaotia povu, lala ndani kwa nanga na utoke kesho yake asubuhi kwa mpango uleule wa kuingia, ukikumbuka kwamba saa zote zitakuwa zimesogea mbele kwa takriban dakika 50.